Kikombe cha Mrututu

Sirisia, saa tisa mchana

Nasimiyu, mama yangu,

Wewe na mama yako mmeenda Bokoli kumuaga kukhu, bibi yako, nami nimebaki nyumbani kwa kisingizio cha ng'ombe. Ng'ombe hana shida yoyote. Nilitaka meza iwe tupu na nyumba iwe kimya, nikuandikie jambo ambalo nimeshindwa kulisema kwa mdomo kwa miaka kumi na minane. Ukirudi jioni utaikuta barua hii juu ya sanduku lako. Ningeweza kuitia ndani, chini ya nguo, uje kuisoma ukiwa umeshavuka bahari. Niliifikiria sana njia hiyo, nikaiacha, kwa sababu ingekuwa kujificha mara ya pili.

Mambo ya sweta, pasipoti na kupiga simu ukifika mama yako ameshayasema, na yeye akisema hakuna wa kuongeza. Mimi nina neno moja tu. Ni refu, univumilie.

Nianze na Jumapili, tulipokuwa tunapukuchua mahindi pale barazani. Nilikuuliza, “Sasa huko ng'ambo utakuwa unapika nini hasa?”

“Si kupika, baba. Kutengeneza dawa za minyoo ya tumbo, na kuzijaribu.”

“Si dawa ziko? Hata shuleni watoto wanapewa.”

“Ziko, lakini ni chache na ni za zamani. Minyoo ya mbuzi na kondoo imeshazizoea nyingi. Ile ya watu, kuna mingine inatoka nusu tu. Tukikaa hivi, siku moja tutakuwa na vidonge ambavyo mnyoo anavicheka.”

Ukachukua punje moja nyekundu ya hindi ukaiweka kwenye ungo. Ukasema hiyo ni metali, tuseme kopa, yaani shaba. Ukaizungushia maharagwe manne, ukasema hayo ni vitu vingine mnavyoifunga navyo ili isiende peke yake mwilini ikaharibu. “Kama bibi harusi na wasindikizaji wake,” ukasema.

Mama yako akadakia, “Wengine wanaoza kopa, wao wenyewe hata mchumba hatujaonyeshwa.”

Mlicheka mpaka ungo ukataka kumwagika. Mimi nikauliza, “Kopa? Ile tunayopulizia kahawa?”

“Hiyo hiyo, baba. Hata ile iliyo ndani ya mrututu. Ila hii imevaa nguo.”

Halafu ukanieleza kwamba kila dawa mnaijaribu mara mbili. Kwanza mnaitia kwenye vijishimo vidogo vyenye minyoo, mnaangalia kwa kioo cha kukuzia kama bado inajinyonganyonga. Kisha dawa ile ile mnaitia kwenye chembe hai zilizotoka kwa mwili wa binadamu, muone kama nazo zinakufa. Nikakuuliza kwa nini mjisumbue mara ya pili ikiwa minyoo imeshakufa. Ukanijibu bila kuinua macho kwenye gunzi:

“Kuua mnyoo si kazi, baba. Hata maji ya moto yataua mnyoo. Kazi ni kumwacha mtu hai.”

Nikasimama nikatoka. Ulidhani nimeenda kumwangalia ng'ombe. Nilienda nyuma ya choo nikashika ukuta.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo. Unajua kwamba nilipomaliza darasa la saba nilienda Kitale, nikakaa Kipsongo, nikapakia magunia ya mahindi kwa kutwa. Unajua kwamba baadaye nilipata kazi ya kondoo kwenye shamba moja upande wa mlimani. Nimekusimulia habari za nyapara wetu, mzee Ndiema, Msabaot mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu, jinsi alivyonicheka siku ya kwanza: “Wewe Mbukusu, mbona unamkamata kondoo kama unamwomba msamaha?” Hiyo nimeisimulia mara nyingi kwa sababu inachekesha. Sehemu nyingine sikukusimulia.

Mzee Ndiema ndiye aliyenifundisha kufunua kope. Unamshika kondoo, unavuta kope ya chini kwa kidole gumba, unaangalia ndani. Ikiwa nyekundu, damu iko. Ikiwa nyeupe, minyoo inamnywa. Msimu mmoja wa mvua dawa ya minyoo ilichelewa kuletwa na kope za kundi zima zikawa nyeupe. Mzee akachukua mrututu, ile chumvi ya buluu tuliyokuwa tunaoshea kwato zinazooza, akaiyeyusha kwenye maji. Akasema, “Hii ndiyo tulikuwa tunawanywesha zamani, kabla ya hizi chupa za rangi rangi.” Alikuwa na kikombe chake chenye alama ndani, aliyoichora kwa msumari, na hakumruhusu mtu mwingine kukishika. Alikuwa anasogeza jicho karibu na ile alama kama mtu anayetia uzi kwenye sindano.

Baada ya wiki moja kope zilianza kuwa nyekundu. Nilishangaa sana, mama. Nilikuwa kijana, nikajiona nimeonyeshwa siri. Kondoo wawili walikufa wiki hiyo hiyo. Mzee Ndiema aliwakagua kimya, akaenda akakaa peke yake. Mimi sikuwajali hao wawili, niliangalia waliopona. Wala sikumuuliza hata siku moja ile alama ya msumari ilikuwa ya nini na ukiipita kunatokea nini.

Niliporudi Sirisia kuoa nilikuja na mkebe wa mrututu kwa ajili ya kwato, na nikaja na ujuzi nusu. Watu walileta mbuzi wao niwaangalie. Kwa utani wakaniita daktari. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyoonyesha.

Sasa nifike kwa Wafula, mdogo wako.

Najua unamkumbuka, ingawa ulikuwa na miaka saba tu. Sijui unakumbuka nini na nini. Mimi nakumbuka alivyokuwa akijificha nyuma ya mti wa kahawa, miguu yote miwili iko nje, na sisi tunatakiwa tuzunguke boma zima tukiuliza, “Jamani, Wafula ameenda wapi?” Nakumbuka alivyovaa sweta lako la shule likamfika magotini, akakataa kulivua hata jua likiwaka. Nakumbuka yule kondoo dume tuliyemwita Simba, na mtoto aliyemwamkia kila asubuhi kabla hajatuamkia sisi.

Alikuwa na safura. Alichoka haraka, alikula udongo wa ukuta, na tumbo lilikuwa limemtangulia. Tulimpeleka zahanati mara mbili, akapewa kidonge, akapata nafuu, kisha hali ikarudi. Mara ya pili yule muuguzi mnene mwenye mzaha, uliyekuwa unamwogopa, aliniuliza, “Baba Nasimiyu, choo umemaliza kuchimba?”

“Nimeanza.”

“Umeanza tangu lini?”

Ilikuwa mwaka wa pili, na shimo lilikuwa linanifika magotini. Nilikuwa na maneno mengi juu ya ule udongo: ni mgumu, una mawe, ningoje mvua iulainishe. Tulikuwa tunaenda haja kwenye kahawa, na watoto walicheza pale pale kwenye kahawa, peku. Muuguzi akaniambia, “Basi mimi natoa minyoo, wewe unairudisha. Mnunulie viatu na umalize lile shimo.” Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Nikacheka nao. Nilirudi nyumbani nimekasirika, na jembe sikuligusa.

Mara ya tatu ilikuwa Jumatatu. Wewe ulikuwa shuleni, mama yako yuko sokoni na ndizi. Nilimbeba Wafula hadi zahanati, nikaambiwa vidonge vimeisha, vitakuja Jumatano. Siku mbili tu, Nasimiyu. Nimezipima siku hizo mbili kwa kila namna na sijapata hata saa moja ambayo nisingeweza kuingoja. Lakini nilimfikisha nyumbani, nikamketisha kwenye benchi, nikavuta kope yake kwa kidole gumba. Ilikuwa nyeupe kama karatasi hii. Nikajiambia, mimi najua la kufanya.

Nilichukua kile kikombe cha bati cheupe chenye ukingo wa buluu. Niliponda kipande cha mrututu, nikatia maji, nikakoroga. Sikuwa na alama ya msumari. Nilikadiria kwa macho.

Aliona nilikotoa mkebe. Akaniuliza, “Ni ya Simba?”

“Ni ya Simba. Leo na wewe utakunywa.”

Alifurahi. Kupewa kitu kimoja na Simba kwake ilikuwa heshima kubwa. Alikunywa, akakunja uso, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili, kama mama yenu alivyowafundisha. Ninaweza kuandika yote mengine nikiwa nimetulia, lakini hiyo mikono miwili imenifanya niweke kalamu chini, nimezunguka nyumba ndipo nimerudi.

Alianza kutapika kabla sijaosha kikombe. Matapishi yalikuwa ya kijani na buluu. Jirani alitupakia kwenye pikipiki hadi hospitali. Tulipokewa na daktari wa kike, kijana, nadhani alikuwa na umri wako wa leo. Aliniuliza, “Mzee, mtoto amekunywa nini?”

“Uji tu.”

“Hakuna dawa yoyote? Ya kienyeji? Ya shamba?”

“Hakuna. Ni minyoo, daktari. Ana minyoo tangu zamani.”

Aliangalia kile kitambaa nilichompangusia mtoto. Akanisogelea, akapunguza sauti ili wengine wasisikie. “Mzee, hakuna mtu atakayekugombeza hapa. Niambie tu amekunywa nini, nijue pa kuanzia.”

Niliangalia chini nikaona viatu vyangu. Miguu ya Wafula ilikuwa peku kando ya viatu hivyo. Nikasema, “Uji.”

Alifariki siku ya pili yake, jua halijafika utosini. Kwenye kadi yake ya kliniki waliandika minyoo.

Sijui kama ningesema ukweli angeishi. Wewe umesoma, labda unajua. Mimi sijawahi kumuuliza mtu, kwa sababu jibu lolote kati ya yale mawili siliwezi. Ninachojua ni kwamba yule daktari alitaka kumpigania mtoto wangu na mimi nilimficha adui ni nani. Nilijitetea kwa miaka mingi kwamba niliogopa polisi. Si kweli. Sikuogopa polisi. Niliona haya, mimi niliyeitwa daktari na majirani, kusema mbele ya daktari mwenyewe kwamba sikujua.

Wanaume wanne walichimba kaburi lake. Walianza asubuhi, na kabla ya saa sita walikuwa wamemaliza, kwenye udongo ule ule niliousema ni mgumu. Nilisimama kando nikiwaangalia. Wageni walipoondoka nilishika jembe nikamaliza choo kwa siku tatu, peke yangu, na mtu alipotaka kunisaidia nilimfukuza. Ndicho choo unachokijua. Ndiyo maana Jumapili nilienda kushika ukuta wake.

Mama yako alikikuta kikombe wiki hiyo hiyo, chini kabisa kina utando wa buluu. Alikileta mkononi akasimama mbele yangu. “Baba Nasimiyu, hiki kilikuwa na nini?” Yeye nilimwambia. Hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale mlangoni, watu wakawa wanamruka kupita. Siku kadhaa hakusema nami. Siku aliyosema, alisema hivi: “Mimi nimeshakuuliza na umenijibu, basi. Lakini huyu mtoto aliyebaki ni wako kumwambia. Mimi sitamwambia, na sitakubali afe hajui.” Tangu hapo hajaligusa tena, ila kila mwaka ananiangalia mara moja, siku ile unayoijua. Kwa hiyo usimkasirikie. Alikuwa ananingoja mimi.

Nami niliendelea kungoja. Nilisema ni mdogo, acha amalize darasa la nane. Acha amalize sekondari. Halafu ukaanza kupenda kemia, na mwalimu akakuuliza kwa nini, ukasema ni kwa ajili ya Wafula. Hapo ndipo ikawa vigumu zaidi, maana uongo wangu ulikuwa umeshaotesha ndani yako kitu kizuri, na nikaogopa nikiung'oa nitaking'oa na chenyewe.

Unakumbuka siku uliyotusomea ile barua ya kuomba nafasi ya masomo? Ulisimama hapa hapa, taa ya sola ikiwa nyuma yako, ukasoma, “Mdogo wangu alikufa kwa minyoo nikiwa na miaka saba.” Nilipiga makofi. Kanisani mchungaji alipolirudia neno hilo siku ya kukuombea, akina mama wakalia, nami nikaitikia amina pamoja na wengine. Sasa unakwenda kusimama mbele ya watu wa mataifa na sentensi hiyo mdomoni, na unakwenda kushika kopa kwa mikono yako. Siwezi kukuacha uende hivyo.

Sikuandikii ili usiende. Nenda. Minyoo ilikuwepo kweli, Nasimiyu. Ndiyo iliyomnywa damu mpaka kope ikawa nyeupe, na vidonge viwili havikutosha kumponya mtoto wa mtu asiye na choo. Kazi yako haikosi maana kwa sababu ya nilichofanya. Kwa muda nilifikiri inakosa, tangu Jumapili sifikiri hivyo tena. Wewe mwenyewe, bila kujua, uliniambia kwenye ungo wa mahindi kile ambacho sikukijua siku ile nikiwa na kikombe mkononi. Nilitaka mnyoo afe. Sikujiuliza kuhusu aliyembeba.

Sina mafunzo ya kukupa juu ya maabara, nisingejua hata kufungua mlango wake. Nina haya mawili tu, nayo ni yangu, nimeyapata kwa mtoto wangu. Ukiona kundi limepona, waendee wale wawili waliokufa ukae nao, kama mzee Ndiema alivyokaa. Nilidhani siku ile amechoka, kumbe alikuwa anafanya kazi. Na ikitokea siku umeharibu, umemwaga au umekosea kipimo, na mtu mkubwa kwako akakuuliza kilichotokea, mjibu hapo hapo, hata sauti ikitetemeka. Neno nisilolitoa kwa yule daktari limekaa kifuani mwangu miaka kumi na minane na halijawahi kuwa jepesi.

Ndani ya bahasha hii nimeweka kadi ya kliniki ya Wafula. Utaona uzito wake, chanjo zake, na kile kidoa cha chai uliyoimwaga wewe. Mahali walipoandika minyoo sikufuta. Nimeandika chini yake kwa kalamu yangu, kwa herufi kubwa ili isomeke: BABA YAKE ALIMNYWESHA MRUTUTU, HAKUSEMA. Ichukue uende nayo. Siku utakapohitaji kueleza kwa nini unafanya kazi hii, usome yote.

Naogopa, mama. Naogopa kwamba ukimaliza kusoma hutaniita baba tena, au utaniita kwa sababu ya adabu tu. Tulipanga kesho nikusindikize hadi Bungoma nikibeba sanduku. Ukitaka akusindikize mama yako peke yake, mwambie yeye, nami nitabaki bila kinyongo, nitakufungulia geti tu. Hilo ni lako kuamua na sitakuuliza.

Ombi langu ni moja. Sasa hivi unaposoma, mimi niko nje kwenye benchi, upande wa kahawa. Ni lile lile nililomketisha Wafula. Sijaenda mbali. Njoo usimame mbele yangu, uniulize lile swali la daktari, kwa maneno yale yale: “Mzee, mtoto amekunywa nini?” Barua si mdomo. Nataka uniulize kabla hujaondoka, nijibu.

Mimi baba yako, na baba yake Wafula.